Majibu kwa Wasomaji: Modemu na Rauta, Kisanduku Kimoja au Viwili?

SWALI: Ndugu mhariri, ninaishi Uyole, Mbeya, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitano. Miezi michache iliyopita tuliunganishiwa intaneti ya faiba, na fundi akafunga kisanduku kimoja chenye kila kitu sebuleni, karibu na dirisha ambapo waya uliingilia. Hapo sebuleni mtandao hauna shida, lakini katika chumba cha nyuma ambako wanangu husomea, nami husahihishia kazi za wanafunzi usiku, video hukwama kila mara. Muuzaji mmoja wa Mwanjelwa amenishauri ninunue rauta yangu mwenyewe, akisema kuwa modemu ikitenganishwa na rauta kasi huongezeka. Jirani yangu alifanya hivyo, na tangu siku hiyo kamera ya getini kwake haifunguki kwenye simu anapokuwa kazini. Je, nifuate ushauri huo? (Mwalimu, Uyole)

JIBU: Mwalimu, ushauri uliopewa unaweza kukufaa, ila sababu uliyoelezwa siyo. Kasi unayoilipia imewekwa na kampuni kwenye mitambo yake, na hakuna rauta ya dukani itakayoipandisha hata kidogo. Kinachoweza kubadilika ni namna mtandao unavyosambaa ndani ya nyumba, na kwa maelezo yako hilo ndilo linalokusumbua.

Kisanduku ulichofungiwa kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni ya modemu, yaani kugeuza data ziwe katika umbo linaloweza kusafiri kwenye waya wa nje, na kuzirudisha katika umbo ambalo kompyuta na simu hulielewa. Kwenye faiba kazi hiyo hufanywa kwa mwanga, na kifaa chake mafundi hukiita ONT. Katika mfumo wa GPON, ambao hutumika sana kwa faiba za majumbani, uzi mmoja wa kioo hubeba mwanga wa nanomita 1490 unaokuja nyumbani na wa nanomita 1310 unaotoka, na uzi unaotoka kwenye mtambo wa kampuni hugawanywa ili uhudumie nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kwa kuwa nyumba hizo zote zinapokezana njia moja, kila kifaa ni lazima kitambuliwe na mtambo wa kampuni kwa namba yake kabla ya kuruhusiwa kuzungumza. Ndiyo sababu ninakusihi usinunue modemu ya faiba dukani kwa kudhani kwamba utaichomeka na kuanza kazi. Hiyo waachie wenyewe.

Kazi ya pili ni ya rauta. Kampuni huipa nyumba yako anwani moja tu ya mtandao, na rauta ndiyo inayoigawa kwa simu, kompyuta na televisheni zote, kwa kukipa kila kifaa anwani ya ndani, kwa kawaida zile zinazoanza na 192.168, huku ikikataa wageni wasioitwa kutoka nje. Kazi ya tatu ni redio ya Wi-Fi. Kazi hizi mbili hazihusiani na waya wa kampuni hata kidogo. Ni mambo ya ndani ya nyumba yako, na kwa maoni yangu mambo ya ndani ya nyumba yanapaswa kuwa mikononi mwa mwenye nyumba. Ukiwa na rauta yako, siku ukihama kampuni wataondoka na modemu yao, lakini jina la Wi-Fi na neno la siri vitabaki vilevile, wala hutazunguka nyumba nzima ukiunganisha upya kila simu. Ikiharibika redio, unabadilisha rauta peke yake. Ikija teknolojia mpya ya Wi-Fi, huna haja ya kuisubiri kampuni.

Hata hivyo, kabla hujatoa fedha yako mfukoni, fanya jaribio moja. Chukua kompyuta, iunganishe kwenye kisanduku kwa waya, uzime Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha upime kasi mara kadhaa, mchana na usiku. Kama kasi ya kwenye waya nayo ni ndogo kuliko uliyoahidiwa, tatizo liko upande wa kampuni, na rauta mpya itakuwa hasara tupu. Kama kwenye waya kasi ni kamili na chumba cha nyuma ndicho kinachonyimwa, basi tatizo ni Wi-Fi, na hapo kuna la kufanya.

Nyumba zetu za huku zina mchango wake katika shida hii. Ukuta mnene wa tofali la kuchoma hupunguza nguvu ya mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5, ambayo yana kasi kubwa lakini huchoka upesi; yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ingawa ni ya polepole na hugombaniwa na majirani. Kisanduku kilichowekwa dirishani hutupa sehemu kubwa ya mawimbi yake uani. Faida kubwa ya kutenganisha ni hii hapa: modemu hulazimika kukaa pale waya wa faiba unapoishia, lakini rauta inaweza kukaa popote, mradi kuna waya wa mtandao kati yake na modemu, na waya huo unaweza kufika mita 100 bila kupoteza kitu. Ukiivuta rauta hadi kwenye korido katikati ya nyumba, juu ukutani, mbali na friji na milango ya chuma, huenda chumba cha nyuma kikapona bila kununua kitu kingine.

Sasa tumrudie jirani yako, kwa sababu kosa lake hufanywa na wengi. Inaelekea alichomeka rauta mpya nyuma ya kisanduku cha kampuni bila kukibadilisha, hivyo nyumba ikawa na rauta mbili, kila moja ikigawa anwani zake na kuzuia wageni wake. Mtu anayetaka kuiona kamera kutoka nje anapita mlango wa kwanza na kukuta wa pili umefungwa. Mashine ya kuchapa iliyounganishwa upande mmoja haionekani na kompyuta iliyo upande mwingine. Na kama rauta zote mbili zinagawa anwani za aina moja, tuseme 192.168.1, mtandao unaweza kukatika kabisa.

Dawa ziko mbili. Iliyo bora ni kuiomba kampuni ikiweke kisanduku chake katika hali ya daraja, yaani kibaki modemu tu na kuipitishia rauta yako kila kitu. Kampuni ikitumia njia ya kuingia kwa jina na neno la siri, uombe vyote viwili siku hiyohiyo, kwani bila hivyo rauta yako haitapata mtandao. Wakikataa, igeuze rauta yako kuwa kituo cha kurushia Wi-Fi tu: zima kazi yake ya kugawa anwani, ipe anwani yake isiyogongana na ya kisanduku, na uuchomeke waya kwenye mojawapo ya matundu yake ya kawaida, si lile la intaneti. Katika njia zote mbili, zima Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni. Nami ni lazima nikuambie kwamba kampuni nyingi siku hizi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo kamera ya kizamani inayohitaji kufikiwa moja kwa moja inaweza kugoma hata baada ya kurekebisha yote haya. Kwa kamera ya namna hiyo, mwenye nayo aulizie kama anaweza kupewa anwani yake pekee.

Ukiamua kununua, tafuta rauta yenye masafa yote mawili, la gigahezi 2.4 na la 5, yenye ulinzi wa Wi-Fi wa aina ya WPA2 au WPA3, ambayo mtengenezaji wake bado anatoa masasisho, na uhakikishe ni ya aina iliyoidhinishwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Siku ya kwanza badilisha neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, si la Wi-Fi peke yake. Kumiliki rauta ni pamoja na kuitunza, na asiye na nia ya kufanya hivyo ni heri abaki na kisanduku cha kampuni.

SWALI: Nipo Gangilonga, Iringa. Msimu uliopita radi iliunguza kisanduku changu cha intaneti. Je, nikiwa na modemu na rauta tofauti nitakuwa salama zaidi? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, ingawa baadhi ya nyaya zake hushikiliwa na uzi wa chuma. Mara nyingi hatari hupitia kwenye soketi ya ukutani. Vifaa viwili vina adapta mbili, na vimeunganishwa kwa waya wa shaba, kwa hiyo pigo lililoingia kwa kimoja linaweza kufika kwa kingine. Usitenganishe kwa ajili ya radi. Kuanzia Novemba hadi mvua zinapokatika, chomoa adapta zote kwenye soketi mara tu ngurumo zinapoanza, na ukisafiri uziache zimechomolewa. Kwa upande wa umeme kukatika, vifaa vingi vya aina hii hutumia volti 12 na wati chache tu, na betri ndogo maalumu huweza kuviwasha kwa saa kadhaa, lakini ukiwa na viwili ni lazima vyote vipate betri, maana rauta inayowaka juu ya modemu iliyozimika haikusaidii. Linganisha volti zilizoandikwa kwenye adapta kabla ya kuchomeka.

SWALI: Huku kwetu Tukuyu faiba haijafika mtaani. Ninatumia rauta ya laini ya simu. Modemu yangu iko wapi? (Mama wa watoto watatu, Rungwe)

JIBU: Mama, iko ndani ya hiyohiyo rauta, ndiyo inayozungumza na mnara. Shida ni kwamba mnara unataka kifaa kikae dirishani au juu, ilhali watoto wanataka kikae katikati ya nyumba. Kiweke kwanza kwenye dirisha linaloelekea mnara, usome alama za mtandao, uhame dirisha baada ya dirisha hadi upate lililo bora. Kisha, kama vyumba vya mbali havipati, vuta waya kutoka hapo hadi kwenye rauta ya pili iliyogeuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi, kwa namna niliyomweleza Mwalimu wa Uyole hapo juu.