Flai Ngomeni: usiulize mwezi peke yake, uliza upepo na maji

Salaam ndugu. Umeuliza kama ile fimbo yako nyepesi ya namba 5, uliyozoea kuvulia trauti kwenye mito ya Nyeri, itafaa Rasi ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mwezi wa nane, na bahari huwa na hali gani wakati huo. Mimi ni mtu wa Malindi, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwatembeza wageni wa flai kwenye mafungu ya mchanga ya Ngomeni. Nitakueleza niliyoyaona. Kwa wasomaji wengine wasioijua, flai ni chambo cha manyoya kisicho na uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndiyo maana upepo una neno kubwa kuliko samaki.

Agosti usije. Nasema hivyo nikijua likizo yako imeangukia hapo. Kusi bado inavuma, na upande wa nje wa rasi unakupiga usoni tangu saa mbili asubuhi. Mshipi unarudi kukuzinga shingoni. Ukihamia upande wa ndani, kwenye Ghuba ya Ungwana, utapata kujikinga na upepo, lakini maji yatakushinda. Mto Sabaki unamwaga maji kusini mwetu, karibu na mji wa Malindi, na wakati wa kusi upepo na mkondo wa pwani vinalisukuma tope lake kuja kaskazini. Mawimbi nayo yanaukoroga mchanga. Samaki wamo, wavuvi wa nyavu wanarudi nao kila siku, lakini flai haina harufu wala damu. Samaki asipoiona, umerusha bure.

Kaskazi ikikamata ndipo mambo yanapogeuka. Tope la Sabaki linaelekea kusini, Malindi wanalipokea wao, na huku kwetu maji yanasafika. Desemba mara nyingi mto bado umejaa kwa mvua za vuli, kwa hiyo mimi napenda katikati ya Januari hadi katikati ya Machi. Kaskazi nayo ni upepo, tena mchana inavuma kwa nguvu na kuingia moja kwa moja ghubani. Asubuhi lakini kuna umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara. Kuanzia mapambazuko mpaka kama saa nne una bahari iliyolala na upepo mwepesi mgongoni. Hayo masaa ndiyo unayoyafuata kutoka Nairobi.

Sasa yaoanishe na maji. Huku kwetu siku za bamvu, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Maana yake ni kwamba asubuhi ya bamvu unaingia funguni saa moja na nusu maji yakiwa mapajani na yanatoka, umande unavuma, na jua linapanda kukumulikia chini. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Ukija siku za maji mafu, saa nne ndiyo yanajaa, na yanapanda na kushuka kidogo tu. Samaki hawana sababu ya kutembea. Mtu akiniuliza tarehe ya kuja, kwanza nahesabu mwezi wa angani.

Kuhusu fimbo, namba 5 iache nyumbani. Chukua nzito zaidi, namba 8 au 9, na mshipi uliotengenezwa kwa nchi za joto. Huu wa mito baridi ukikaa kwenye maji ya nyuzi 28 au 29 unalegea na kunata kama ubani uliotafunwa, haupiti kwenye pete za fimbo. Nimeshuhudia mgeni akiipoteza asubuhi nzima ya bamvu kwa sababu hiyo, na duka la karibu lenye mshipi wa kufaa hakuna.

Kosa jingine la watu wa trauti ni mkono. Februari moja nilikuwa na bwana mmoja, mrushaji hodari kweli, ananizidi. Tukamwona samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, mpana akitambaa juu ya mchanga, anatifua, na juu ya mgongo wake kivuli cha kijani kimemganda. Samaki kolekole huandamana na taa hivyo hivyo, akingoja kaa na vidagaa wanaokurupushwa. Nikamwambia, tupa mbele ya taa, hatua mbili. Akatupa pale pale. Vuta haraka, vuta! Kolekole akajitoa mgongoni mwa taa, akaja na wimbi dogo mbele ya kichwa, akafumbua kinywa tukiona weupe wa ndani. Yule bwana akanyanyua fimbo juu, kama anavyofanya mtoni. Chambo kikachomoka. Kwa samaki wa bahari fimbo ielekee kwenye maji, na mkono wa kushoto ndio uvute mshipi kwa nguvu mpaka uone ndoana imeshika. Fanya mazoezi uwanjani kwenu kabla ya kuja, mara mia, mpaka mkono usahau trauti.

Taa mwenyewe muogope. Usinyanyue miguu, iburute mchangani ili asikie na kuondoka. Mwiba ukikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha twende hospitali.

Samaki sulisuli ni habari ya boti, kilindini, kwa fimbo namba 12, na msimu wake ni hiyo hiyo kaskazi. Mabaharia humvuta kwa chambo kisicho na ndoana hadi nyuma ya boti, ndipo unamrushia flai. Ni ghali, na kwa safari ya kwanza sikushauri.

Usije ukavua ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi au Watamu. Huko ni marufuku kabisa. Kata leseni ya uvuvi wa michezo, na ukifika Ngomeni pita kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi wanaosimamia ufuo, uwasalimie kabla ya kuingia majini, maana yale mafungu ndiyo shamba lao. Bana kijino cha ndoana kwa koleo ili umrudishe samaki akiwa mzima.

Kama unaweza kuihamisha likizo hadi Februari, niambie mapema nikutazamie bamvu inaangukia siku gani.