Jirani za sayari jitu: mbona sizioni?

SWALI: Nimepakua vipimo vya mwanga wa nyota WASP-47 vya darubini ya Kepler. Sayari jitu inaonekana wazi, ila zile ndogo sizipati. Nakosea wapi?

JIBU: Jitu hilo, b, huzunguka kwa siku 4.16 na likipita mbele ya nyota hupunguza mwanga kwa takriban asilimia 1. Jirani yake wa ndani, e (siku 0.79), hupunguza asilimia 0.02 tu, na wa nje, d (siku 9.03), hupunguza asilimia 0.08 hivi. Basi lifute jitu kwanza. Ondoa vipimo vya kila mpito wake (muda linapopita mbele ya nyota), pamoja na nusu saa kila upande. Ukibana mno muda huo, kingo za mpito hubaki na programu ya kutafuta sayari itakuletea “sayari” ya siku 2.08 au 8.32, ambayo ni kivuli cha jitu lenyewe.

Unaposawazisha mwanga, yaani kuondoa kupanda na kushuka kwake kwa polepole, dirisha (kipande cha muda unachosawazisha kwa mara moja) lisipungue mara tatu ya urefu wa mpito, la sivyo litaumeza mpito wenyewe. Kisha tafuta vipindi vya mzunguko kuanzia nusu siku. Wengi huanzia siku 1, na hapo e hujitokeza kwa kipindi cha uongo cha siku 1.58.

Mwisho pima saa za mipito. Kwa kuvutana, b huwahi au huchelewa chini ya dakika moja, d dakika kadhaa. Huo ndio ushahidi mtamu kuliko wote kwamba sayari hizo zinavutana kweli! Usivunjike moyo usipopata kitu kwenye nyota nyingine: mwaka 2012 upekuzi wa majitu tarajiwa 63 (ambayo hayajathibitishwa) ya Kepler haukupata dalili ya jirani hata mmoja. Jirani hawa wawili wa WASP-47, e na d, walitangazwa 2015.