Mzee kasahihishwa mbele za watu, sasa haji tena kikundini. Meseji ya samahani inatosha?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Sisi ni timu ndogo toka Tanzania, tuko Madaba, Jordan, tunasaidia kikundi cha kusoma Biblia cha wenyeji. Kijana wetu alimsahihisha mzee mmoja mbele ya wote kwamba maneno aliyonukuu hayapo kwenye Biblia, na kweli hayapo. Mzee alitabasamu, akamaliza chai yake, toka siku hiyo haji. Kijana kashatuma meseji ya kuomba radhi, kimya. Tufanyeje?

JIBU: Amina ndugu yangu. Hiyo meseji iishie hapo, msiongeze ya pili. Mzee kavunjiwa heshima hadharani, wanawe wamesikia, majirani wamesikia, afu samahani inaingia kwenye simu yake peke yake, sasa nani kaona kwamba amerudishiwa? Kijana yuko sahihi kuhusu maneno yale, sawa, ila kwa mzee kinachouma ni atakaaje tena mbele ya wale watu. Heshima iliyopotea mbele ya watu inarudishwa mbele ya watu.

Jordan wana utaratibu unaitwa jaha. Wazee wanaoheshimika wanaenda nyumbani kwa aliyekosewa, wanaletewa kahawa, na msemaji wao anakiweka kikombe chini, hanywi mpaka ombi lao likubaliwe. Unatumika kwenye posa na hata kwenye kesi za damu. Sisi tunaotuma washenga hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini mhusika hajisemei mwenyewe. Na msidhani ni mambo ya Waislamu tu, koo za Kikristo za Madaba zilihamia hapo toka Karak karibu na 1880 na desturi hizi ni zao pia.

Jambo lenu ni dogo, jaha kamili italikuza bure, ila njia ifuateni. Tafuteni mwenyeji mtu mzima ambaye ukoo ule unamsikiliza, mwelezeni yote bila kuficha, yeye ndo apange siku na yeye ndo aongee. Nendeni naye, mkubwa wenu kiumri akiwa mbele, kijana awepo ila asijitetee, na habari ya yale maneno isiguswe kabisaa. Mzee akirudi kikundini mpeni kazi mbele ya wote, afungue kwa sala, awabariki vijana.

Hii siyo mbinu ya kuwafurahisha watu, ni Injili yenyewe. Petro alimkana Yesu kwenye moto wa makaa mbele ya watu, na Yohana 21 Yesu anamrudisha kwenye moto wa makaa, wanafunzi wenzake wapo, hamkumbushii alichosema usiku ule, anamkabidhi kondoo. Na Paulo kwa Filemoni alisimama katikati akasema deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni, liandikwe kwake.

Ila lingekuwa wizi au mtoto kaumizwa nisingewajibu hivi, dhambi ya namna hiyo haifunikwi kwa kahawa, hata kama ukoo mzima unataka yaishe.

Kuhusu kusahihisha, Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu, na kwa mzee wa rika lile ni bora aongee naye mzee mwenzake. Mkialikwa kula mansaf, wali na nyama ya kondoo wanaompikia mgeni wa heshima, baada ya hapo, ahirisheni chochote mlichopanga, nendeni wote, kijana akiwemo.