Hesabu wati kwanza, taa baadaye: kompyuta ya kupozwa kwa maji hapa Lubumbashi

Msomaji mmoja wa Katuba, kijana anayechora majumba mchana na kucheza michezo usiku, amenitumia orodha ndefu na ujumbe mfupi: "Yaya (yaani mkubwa wangu), angalia kama kuna kitu kinapunguka." Orodha ina kadi ya grafiki RTX 5090, prosesa Ryzen 9 9950X, mabomba magumu ya kupinda kwa moto, maji meupe kama maziwa, feni za taa, na rejeta moja ya milimita 240, yaani kile kipoza maji chenye mapezi na feni. Leki yangu, mdogo wangu, kinachopunguka ni hesabu. Na kwa kuwa orodha za namna hii nazipokea kila mara, zote zikianzia kwenye picha na kuishia kwenye rejeta, jibu naliweka hapa mtu yeyote alisome.

Maji hayaui joto. Yanalichukua kwenye chipu na kulipeleka kwenye rejeta, na rejeta inalikabidhi kwa hewa ya chumba. Hewa isipolipokea, yatakuwa maji moto yanayozunguka. Kwa hiyo tunaanza na wati. RTX 5090 inakula hadi wati 575. Ryzen 9 9950X imeandikwa 170 kwenye boksi, lakini bodi mama inairuhusu kufika 230. Jumla ni wati 805. Sasa rejeta: yenye unene wa milimita 30, kila nafasi ya feni moja ya 120 inatoa kama wati 100 hadi 130, feni zikizunguka kwa utulivu na maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa ya chumba. Gawanya mwenyewe. Unahitaji nafasi saba hivi, na rejeta ya 240 ina mbili.

Ukilazimisha hizo mbili, maji yatapanda nyuzi 35 juu ya hewa ya chumba. Chumba cha Oktoba hapa kwetu kikiwa na nyuzi 30, maji yanapita 60. Pampu ya D5 mwisho wake ni 60, na bomba la PETG, ile plastiki ngumu ya kupinda kwa moto, linaanza kulegea kwenye joto hilohilo. Linalegea hasa pale linapoingia kwenye fitingi, yaani kiungio cha bomba, kisha linachomoka. Si kwamba mashine itakuwa na joto kidogo tu. Itamwaga maji juu ya kadi ya dola elfu mbili na zaidi.

Kuna jambo lingine ambalo video za ng'ambo hazilisemi, kwa sababu wanaozitengeneza wengi hawaishi juu kama sisi. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo feni ileile kwa mizunguko ileile inabeba joto pungufu. Kwa mashine hii rejeta mbili za 360, zenye nafasi tatu za feni kila moja, ndiyo mwanzo wa mazungumzo, na tatu ndiyo ninayoipendekeza. Chagua kasha kwa kuangalia hilo tu: linabeba rejeta tatu za 360 au halibebi? Lian Li O11 Dynamic EVO XL linabeba. Pima unene pia. Rejeta ya milimita 30 na feni ya 25 ni 55. Ya 45 na feni yake ni 70, na hapo juu ya bodi mama mara nyingi inagonga vipozeo vya umeme vya bodi au vichwa vya RAM. Pima kwa rula kwenye mchoro wa kasha kabla pesa haijatoka.

Niseme wazi: wengi hawahitaji haya yote. Kama kadi yako iko chini ya wati 300, nunua kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani cha 360 kwa ajili ya prosesa, pesa inayobaki itie kwenye RAM. Anayefaidika na mzunguko wa kujijengea ni kadi ya grafiki, inayoshuka joto sana na kunyamaza kabisa. Prosesa haipati faida kubwa hivyo, kwa sababu joto lake linatoka kwenye kipande kidogo mno cha silikoni na halitoki haraka hata ukiiwekea mto Lualaba juu yake.

Tukifika kwenye kadi, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bloku ya maji, kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji, inatengenezwa kwa bodi ya kadi fulani, si kwa jina RTX 5090. Kadi ya Nvidia yenyewe ina bodi yake, ya Asus ina yake, ya MSI yake, na ndani ya kampuni moja kuna matoleo zaidi ya moja. Andika namba kamili ya kadi, itafute kwenye orodha ya ulinganifu ya mtengeneza bloku (Alphacool, EKWB, Watercool, au Bykski ya China kwa mwenye mfuko mwembamba), kisha ndipo ununue. Kanuni yangu ni kadi na bloku kuagizwa pamoja au visiagizwe. Vipande vya mpira wa joto vinavyokwenda juu ya memori navyo vina unene wake katika kitabu. Ukiweka milimita 1.5 pale palipoandikwa 1.0, bloku inainuka, haigusi chipu, na kadi inapanda joto ndani ya sekunde chache.

Halafu metali. Mji huu umekua chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na bado napokea orodha zenye bloku ya shaba na rejeta ya aluminiamu ndani ya mzunguko mmoja. Shaba na aluminiamu zikiwa ndani ya maji yaleyale zinafanya kazi ya betri: aluminiamu inaliwa, inatoboka, na unga wake unaziba mifereji midogo ya bloku. Shaba, shaba nyeupe yaani braso, na shaba iliyopakwa nikeli zinaishi pamoja bila ugomvi. Rejeta ya bei rahisi isiyosema imetengenezwa na nini, ichukulie kuwa ni ya aluminiamu.

Mabomba: mtu anayejenga kwa mara ya kwanza atumie mpira laini mweusi wa EPDM, kipimo cha 10 ndani na 16 nje. Mita tatu zinatosha. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani hutoa mafuta yake ndani ya maji, na mafuta hayo huganda kwenye bloku. Akitaka magumu kwa ajili ya macho, achukue akriliki badala ya PETG, kwa sababu inavumilia joto zaidi, ingawa inavunjika kirahisi ukiikata. Na yale maji meupe? Rangi yake ni chembe zinazoelea, na chembe hutulia. Yanafaa kwa picha.

Fitingi zote ni za uzi wa G1/4. Kila kifaa kinakula mbili: bloku mbili, rejeta tatu, pampu yenye tangi, jumla 12. Ongeza mbili za akiba, nne za kona, kifundo kimoja chenye matawi matatu, vali moja, vizibo, na pakiti ya o-ringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja. Hiyo vali inawekwa mahali pa chini kabisa pa mzunguko na ndicho kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote. Bila vali, siku ya kubadili maji utaiinua mashine ya kilo 25 na kuipindua juu ya ndoo. Mpangilio wa vifaa ndani ya mzunguko hauna maana kubwa, joto la maji linakaribiana kote. Sheria ni moja, tangi liwe juu ya pampu na liilishe, maana pampu inalainishwa na maji yenyewe na ikizunguka kavu inajiua. Pampu ipate umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai. D5 inafika wati 23, na tundu la feni la kawaida kwenye bodi mama linatoa 12.

Umeme. Hapa mashine nzuri hufa bila kosa la mwenyewe. Wati 805, ongeza feni, pampu, diski na bodi, unakaribia 900. Ukutani ni kama 980. Nunua pawa saplai ya wati 1,200 ya kiwango cha ATX 3.1, na waya wa kadi usukume hadi mwisho, bila kuukunja karibu na kichwa chake. Ondileri (UPS, ile yenye betri ya akiba) ya 650 VA iliyoko dukani haiwezi kuibeba, itazima palepale. Tafuta ya 2,000 VA au zaidi, usome wati zake pia, ziwe angalau 1,200. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukishuka jioni, ondileri ya kawaida inahamia kwenye betri mara kwa mara hadi betri inakwisha, kwa hiyo stabilizatere, yaani kidhibiti volti, ya 3 kVA ikae mbele yake. Kisha waya wa ardhi. Ukigusa kasha na mkono unasisimka, nyumba haina ardhi, na kizuia radi ulichonunua kwa msimu wa mvua kinapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Mwite fundi achimbie fimbo ya shaba kabla ya kununua feni hata moja. Wengine huuliza delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ikija pampu ikisimama itakuwaje: hakuna, kwa kuwa chipu nazo zimezimika. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi mama, weka mashine isijiwashe yenyewe umeme ukirudi, kwa sababu dakika ile ya kurudi ndiyo mbaya.

RAM kwa kazi ya kuchora: vipande viwili vya GB 48, si vinne. Vinne kwenye Ryzen vinashusha kasi. Yatosha.

Kujenga. Rejeta mpya zina mabaki ya risasi ya kuunganishia ndani yake: tia maji ya moto nusu, tikisa dakika kadhaa, mwaga kwenye kitambaa cheupe, rudia hadi kitambaa kibaki safi, malizia na maji ya distile. Haya yanapatikana kwa wauza betri, lakini angalia chupa mara mbili, maana rafu hiyohiyo ina asidi. Mzunguko unachukua lita moja hadi moja na nusu. Nunua tano kwa sababu ya kusuuza. Ya mwisho itiwe dawa ya kuzuia kutu na ukungu, iliyokolezwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Chupa ndogo ya dawa iliyokolezwa inasafiri kirahisi kuliko lita za maji yaliyochanganywa tayari, na hulipii usafiri wa maji.

Fitingi zikazwe kwa mkono. Spana kwenye akriliki ni ufa.

Kabla ya maji, pima kwa pampu ndogo ya hewa yenye geji: bar 0.5, subiri dakika 30, sindano isishuke. Ikishuka, tafuta kwa kufunga kipande kimoja kimoja. Kisha chomoa nyaya zote za bodi mama na za kadi, iache pampu peke yake, washa pawa saplai kwa kile kiziba cha majaribio cha pini 24, jaza tangi, washa sekunde chache, zima, jaza tena, hadi maji yazunguke. Inamisha kasha huku na huku ili hewa itoke. Tandika karatasi za chooni nyeupe chini ya kila fitingi na uache saa 24. Maji yakimwagika juu ya bodi isiyo na umeme, unakausha. Yakimwagika ikiwa imewashwa, unanunua nyingine.

Feni zifuate joto la maji, si la prosesa, ambalo linaruka kila sekunde na kuzifanya zipige kelele bila sababu. Kihisi cha maji cha kilo-omu 10 kinafungwa kama kizibo. Hakikisha bodi mama ina tundu lake la pini mbili. Zizunguke polepole chini ya nyuzi 35, zifike juu kwenye 45.

Na vumbi letu jekundu, kuanzia Mei hadi Septemba. Chagua rejeta ambazo mapezi yake hayakubanana, weka vichujio kwenye feni zinazoingiza hewa, na uvipulize kila wiki mbili. Rejeta zenyewe kila mwezi, ukizishika feni kwa kidole zisizunguke. Maji badili baada ya miezi 12. Leki, rejeta hiyo ya 240 irudishe dukani kama bado ina boksi lake.