Namna ya Kujibu Unapoombwa Mchango wa Harusi

Kwa miaka kadhaa sasa ndugu na majirani hapa Dar es Salaam wamekuwa wakinipa uhazini katika kamati zao za harusi. Mhazini ndiye anayeandika ahadi, ndiye anayepiga simu za kukumbusha, na ndiye anayesimama mbele ya kikao kueleza kwa nini kilichoahidiwa hakijafika. Katika kazi hiyo nimewaona watu wakarimu kabisa wakiingia katika usumbufu mkubwa, wengine hata wakikwepa simu za ndugu zao wenyewe, kwa sababu tu hawakupata namna ya kusema kwamba safari hii hawataweza. Nawaandikia hao hasa.

Mtu akiletewa kadi ya mchango, au picha ya kadi kwa WhatsApp kama ilivyo desturi siku hizi, mara nyingi hujibu "tuko pamoja," au "nitaangalia," au "Mungu akijaalia." Ni kauli za adabu na sizibezi hata kidogo, kwa maana hatupendi kumrudisha mtu mikono mitupu, na anayekataa kwa ukavu huonekana amemkataa mwombaji mwenyewe pamoja na watu wa nyumbani kwake. Ila kamati huzipokea kauli hizo kwa namna mbili. Mjumbe mzoefu anaelewa kwamba umejitoa kwa upole. Kijana mwenye daftari anaandika jina lako na kuacha nafasi ya kiasi mbele yake. Na kwa kuwa ukumbi, chakula na mapambo hukadiriwa kwa kutazama ahadi, jina hilo litapigiwa simu mpaka wiki ya mwisho.

Ushauri wangu ni kwamba heshima yote uiweke mwanzoni na mwishoni mwa maneno yako, na jibu lenyewe liwe wazi pale katikati. Salimia kikamilifu, hata kama aliyekuomba ameruka salamu. Mpe hongera. Shukuru kwa kukumbukwa, kwa sababu aliyekuletea kadi amekuhesabu miongoni mwa watu wake. Jirani yetu mmoja, mama mwenye watoto wanaosoma, aliwahi kunijibu hivi: "Nashukuru sana kaka kwa kunikumbuka, na hongereni kwa hatua hii. Mwezi huu nimebanwa na ada za watoto, kwa hiyo naomba msiniandike kwenye ahadi. Siku ya shughuli nitakuja mapema kusaidia kupokea wageni." Sikuwa na la kuongeza zaidi ya kumshukuru. Alikataa kwa kuniomba jambo, nami nikawa na kitu cha kumkubalia. Kisha akatoa alichokuwa nacho, yaani muda na mikono yake, na siku ilipofika alikuwa getini kabla yetu.

Tazama pia kwamba sababu yake ilikuwa moja na fupi. Ukianza kueleza ada, kodi ya nyumba, gari bovu na mgonjwa wa kijijini, unafungua mazungumzo mapya, na mwombaji atakutafutia njia: toa nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi. Iwe sababu ya kweli, kwani maneno haya hufika mbali.

Wapo wanaoweza kutoa, lakini chini ya kiwango ambacho kamati imekipanga kwa kadi ya mtu mmoja au ya watu wawili, na kwa aibu wanaamua kunyamaza kabisa. Tafadhali msinyamaze. Sema, "Naomba mpokee hiki kidogo, na kadi msiniwekee." Kwa kauli hiyo unaiondolea kamati mzigo wa kupima kiasi chako dhidi ya sahani ya chakula, na nimeona mara nyingi watu wa namna hiyo wakialikwa kwa moyo mweupe.

Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mchango umeacha kupelekwa mkononi, na maneno yaliyokuwa yakiufuata yamepungua. Mhazini hupata jina na kiasi tu, wakati mwingine jina la mtu ambaye hajawahi kumsikia. Tuma basi na ujumbe mfupi unaosema wewe ni nani kwa maharusi na fedha ni za shughuli gani. Udhuru wako, kwa upande mwingine, usiuweke kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Mwandikie mhazini pembeni.

Wahazini wenzangu nao wana wajibu. Ahadi ni deni, hilo sote tunalijua, lakini anayelikumbusha deni la hiari aseme "naomba nikukumbushe," na asimwambie mtu kwamba anadaiwa. Ile tabia ya kubandika kundini orodha ya wasiokamilisha naipinga waziwazi, kwa sababu inamvua mtu nguo mbele ya wakwe zake. Kwa wazee inafaa uangalifu zaidi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizia afya na watoto, mweleze mzee maandalizi yalipofikia: ukumbi umepatikana, chakula bado tunakamilisha, kikao cha mwisho ni Jumapili. Jina lake usilitaje, wala kiasi alichoahidi. Mwenye nacho atakwambia mwenyewe, "Nimekusikia mwanangu, pita kesho jioni." Asiye nacho atakuulizia habari za mvua, nawe zungumza naye habari za mvua, kisha uage. Kama ni lazima suala hilo lirudi kwake, mwombe mjumbe wa rika lake amtembelee, wala usimpigie tena wewe.