Antalya kwa Tramu na Dolmuş: Chagua Kituo Kabla ya Hoteli

Watu wengi wa kwetu wanaokwenda Uturuki huishia Istanbul, hasa wale wanaofuata nguo, mapazia na vyombo vya nyumbani kwa ajili ya biashara. Nami nilikuwa mmoja wao kwa safari kadhaa, mpaka mwishoni mwa Mei 2023 nilipomchukua mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua siku nyingi, tukateremka pamoja hadi Antalya, mji wa mapumziko katika pwani ya kusini. Wasomaji wa Biblia wataukumbuka kwa jina la Atalia, bandari ambako Paulo na Barnaba walipanda merikebu kurudi Antiokia. Tulikaa huko siku nane bila kukodi gari, na taksi tuliipanda mara moja tu, kwa sababu ambayo nitaieleza. Ninamwandikia msafiri anayetaka kufanya kama tulivyofanya, kwa kuwa wengi huanza kwa kutafuta hoteli, ilhali kwa mtu asiye na gari jambo la kwanza kuamua ni kituo gani cha tramu atakachokuwa jirani nacho.

Kutoka Istanbul, ndege huchukua muda unaozidi saa moja kidogo. Reli ya abiria haifiki Antalya, kwa hiyo anayetaka kusafiri kwa nchi kavu hupanda basi, na mwendo wa kilomita zipatazo 700 humchukua saa kumi hadi kumi na mbili. Tulichagua basi la usiku kwa sababu mama alitaka kuona nchi, na sikujuta. Mabasi ya masafa marefu ya Uturuki yana utaratibu wake: msaidizi wa dereva, anayeitwa muavin, hupita kati ya viti akigawa maji, chai na biskuti, na katika mabasi mengi huwamiminia abiria kolonya, yaani manukato mepesi, viganjani ili wajiburudishe. Mwanamke asiyesafiri na ndugu yake hupangiwa kukaa karibu na mwanamke mwenzake, jambo ambalo mama alilipenda mno. Beba pasipoti mkononi unapokata tiketi, na ukate mapema zikikaribia sikukuu za Idi, kwa maana siku hizo Waturuki wenyewe hujaa barabarani kwenda kwao.

Basi hukushusha katika kituo kikuu kinachoitwa Otogar, na hapo ndipo ule ushauri wangu wa kituo unapoanza kuonyesha faida. Mbele ya Otogar kuna tramu. Njia kuu, ambayo alama yake ni T1, ilianza kazi mwaka 2009 na ikarefushwa hadi uwanja wa ndege kwa ajili ya maonyesho ya EXPO ya mwaka 2016. Njia hiyo hiyo moja inaunganisha Otogar, katikati ya mji na uwanja wa ndege. Kituo kinachofaa kwa mgeni ni İsmetpaşa, ambacho kiko dakika chache kwa miguu kutoka Kaleiçi, yaani mji mkongwe. Sisi tulitafuta nyumba ya wageni iliyokuwa pembezoni mwa Kaleiçi upande wa kituo hicho, wala si ndani kabisa, na ningemshauri kila mwenye mizigo afanye hivyo. Vichochoro vya mji mkongwe vimetandikwa mawe, vinapanda na kushuka kama vile vya Mji Mkongwe wa Mombasa, na sanduku la magurudumu huko ni adhabu tupu.

Kabla ya kupanda chochote mjini unahitaji kadi ya nauli iitwayo AntalyaKart. Tramu na mabasi ya mjini hayapokei fedha taslimu, kama vile mwendokasi wa Dar es Salaam unavyotaka uwe na kadi, na mgeni anayefika na noti mkononi atabaki amesimama. Kadi hununuliwa na kujazwa fedha kwenye mashine zilizo vituoni na katika vibanda vidogo vya magazeti; kadi za benki za kugusisha nazo hupokelewa, ingawa benki yako ya nyumbani yaweza kukukata ada kila unapoigusisha. Tulitumia kadi moja watu wawili: niligusisha mara ya kwanza mama akapita, nikagusisha tena nikapita mimi. Sitaji nauli hapa, kwa kuwa thamani ya lira imekuwa ikishuka na nauli hupandishwa mara kwa mara, lakini hata baada ya kupanda hubaki ndogo mno ukiilinganisha na taksi.

Katikati ya mji utaona pia tramu nyingine ndogo, ya zamani, inayopita mwendo wa taratibu kando ya bustani za ufukweni na mbele ya Lango la Hadrian, ambalo lilijengwa kwa heshima ya ziara ya mfalme huyo wa Roma mwaka 130. Mabehewa yake yalitoka mji wa Nuremberg, Ujerumani, na yalianza kutumika Antalya mwaka 1999. Usiitegemee ukiwa na haraka. Kwa mzee anayetaka kuona mji akiwa amekaa, hata hivyo, sijaona kitu bora zaidi, na mama aliipanda siku tatu mfululizo. Jambo jingine lililomfaa ni lifti ya bure iliyo karibu na uwanja wa Cumhuriyet, inayowateremsha watu kutoka juu ya mwamba hadi karibu na bandari ya kale. Bila lifti hiyo asingeiona bandari, kwa sababu ngazi ni nyingi na mawe yake yanateleza.

Fukwe mbili kubwa ziko pande mbili za mji: Konyaaltı magharibi, yenye kokoto, na Lara mashariki, yenye mchanga. Basi la KL08 huziunganisha likipita katikati ya mji, na herufi hizo mbili ni za majina ya fukwe zenyewe. Mabasi ya kuelekea Lara hupita karibu na bustani ambako mto Düden unaanguka moja kwa moja baharini kutoka juu ya mwamba, na hapo panafaa kutengewa alasiri nzima. Panda asubuhi au baada ya jua kupungua. Ndani ya basi kuna ubaridi, lakini vituo vingi havina kivuli cha kutosha, na mwezi Julai na Agosti joto huweza kuzidi nyuzi 35.

Nje ya mji ndiko inakoanza dolmuş, na hapo mtu aliyekulia kwenye daladala au matatu atajisikia yuko nyumbani. Neno lenyewe lina maana ya kitu kilichojaa. Magari haya madogo ya kwenda Kemer, Manavgat na miji mingine ya mkoa huondoka katika sehemu ya Otogar inayohudumia wilaya, ambayo ni jengo tofauti na lile la mabasi ya mbali, na humo fedha taslimu zinafaa. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo bila senti kupotea. Ukitaka kushuka unasema “inecek var”, yaani kuna anayeshuka, kama sisi tunavyosema “shusha”. Nilipokuwa nasitasita, abiria waliita kwa niaba yangu. Mama hakuwahi kusimama hata mara moja. Vijana walimpisha wakimwita teyze, jina ambalo kwao ni la dada wa mama, nasi tungesema mama mdogo au khaleti.

Kwa magofu ya Perge huhitaji hata dolmuş: tramu ya T1 inayokwenda eneo la maonyesho ya EXPO inakufikisha Aksu, kisha unatembea kiasi cha kilomita mbili. Kijiji cha pwani cha Çıralı kinawezekana, ila gari litakuacha kwenye njia panda ya barabara kuu, juu kabisa, na itakubidi usubiri gari dogo la kukuteremsha baharini. Termessos uiache kama huna gari, kwa sababu kutoka barabarani hadi magofuni ni kilomita 9 za kupanda mlima.

Sasa ile taksi. Siku ya kuondoka kwa ndege tulipanda T1 pale İsmetpaşa tukiwa na muda wa kutosha, tukakaa tukizungumza, na sikutambua kuwa njia hugawanyika mbele ya safari: tramu nyingine huingia uwanja wa ndege na nyingine huendelea kuelekea EXPO. Yetu ilikuwa ya EXPO. Tulishuka na masanduku mahali tusipopajua, mama akiwa amenyamaza kwa hofu, na dakika ishirini nilizotumia kutafuta taksi sitazisahau. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, soma maandishi yaliyo mbele ya tramu na uhakikishe yanasema Havalimanı, yaani uwanja wa ndege. Ukishafika, kumbuka kwamba kituo kiko upande wa Terminali 1. Kama ndege yako inaondokea Terminali 2, jiongezee nusu saa ya kuhamia huko.