Ukibaki Unaning'inia Kwenye Kamba, Panda kwa Miguu

Wengi wetu tunaotoka Nairobi wikendi kwenda kukwea miamba ya Lukenya tunajua kushuka kwa kamba. Kuipanda kamba hiyohiyo ukiwa hewani, mwamba umebinuka nje na huna pa kushika, wachache wamewahi kujaribu.

Huhitaji vyuma vya bei. Beba vitanzi viwili vya kamba nyembamba, milimita 5 au 6, ikiwa kamba kuu ni milimita 10 hivi. Kitanzi kinene hakitashika. Kila kimoja kifunge kwenye kamba kuu kwa fundo la Prusik, linaloitwa kwa jina la Karl Prusik, Mwaustria aliyelieleza mwaka 1931: mizunguko mitatu iliyolala sambamba bila kupandana. Likibeba uzito linabana; uzito ukitoka, unalisukuma juu kwa vidole. Kamba ikilowa mvua huteleza, basi ongeza mzunguko mmoja.

Kitanzi cha juu ni kifupi, kinaunganishwa na mkanda wa kiunoni wa kukwea kwa karabina (pete ya chuma inayofunguka) yenye kufuli. Cha chini ni kirefu, cha kukanyagia. Kaa, sukuma fundo la mguu juu, simama, sukuma la kiunoni, kaa tena.

Kinachowashinda watu ni urefu. Kitanzi cha juu kikizidi mkono wako, fundo litakutoroka na utabaki ukilitazama. Cha mguu nacho kikiwa kirefu mno, kila hatua inakupandisha kiasi cha kidole tu, halafu unaanza kujivuta kwa mikono. Hapo umekwisha, kwa sababu mikono huchoka haraka. Nakushauri upime hivi: ukiwa umekaa na fundo la mguu limefika chini tu ya lile la kiunoni, paja liwe karibu kulala.

Kila baada ya mita mbili tatu, funga fundo kwenye kamba iliyo chini yako na uliunganishe na mkanda, ili Prusik zikiteleza usiende mbali. Ukipumzika, chezesha miguu. Kuning'inia kwenye mkanda bila kusogea ni hatari kwa mzunguko wa damu.

Fanyia mazoezi kwenye tawi nene la mti, chini kabisa, mwenzako akiwa karibu. (Soja wa geti atakuuliza kama unatafuta asali. Mzoee.) Ukishazoea, rudia ukiwa umevaa glavu, kisha gizani.

Na ukifika juu, usifungue fundo lolote kabla hujajiunga na nanga, yaani pale juu kamba ilipofungwa.